Nywesha Jiwe Kwanza

Nyinyi vijana mnaoniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani hasa, jibu ni hili: niliosha makaburi. Mnacheka. Chekeni tu, hata mume wangu alicheka, na yeye ndiye aliyekuwa akila ugali wa kazi hiyo. Kuanzia Migori mjini hadi Homa Bay, hadi visiwani, palipokuwa na jiwe lililochafuka na familia inayotaka kusoma tena jina la mtu wao, nilifika na ndoo yangu. Magoti yalipokataa, nikaacha. Lakini siku hizi naona kila mtu akitazama video moja kwenye simu anatoka mbio kwenda kusugua jiwe la nyanya yake. Ndiyo maana nimeketi kuwaeleza.

Nitawaeleza kwa kutumia jiwe moja lililoko kisiwa cha Takawiri, ambalo nusura lifunikwe kwa vigae.

Mwenye boma lile ni Mama Pamela. Mumewe, Ojwang', alikuwa mvuvi. Mama yake Ojwang' alipofariki, hapakuwa na uwezo wa kuagiza jiwe la duka. Ojwang' akatengeneza fremu ya mbao, akailaza chini, akamwaga saruji mwenyewe, na kabla haijakauka akapiga magoti akaandika kwa msumari: DORSILA ATIENO. Chini yake akaandika NIND GI KWE, yaani lala kwa amani. Lilipokauka akalisimamisha kaburini. Herufi zake ni nzuri, zimesimama wima, isipokuwa N. Kila N aliigeuza ikatazama nyuma.

Miaka ilipita, Ojwang' akaenda ziwani, dhoruba ikapindua mtumbwi, na mwili wake haukupatikana. Nyinyi mliozaliwa huku mnajua kinachofanywa. Kwa wageni niseme: huzikwa tunda la yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kwa uzi mrefu. Huzikwa kwa nyimbo na machozi, kama mtu, ili aliyepotea majini naye awe na kaburi nyumbani kwake. Kwa hiyo Mama Pamela alikuwa na kaburi la mume ambalo ndani yake mna tunda, na kaburi la mama mkwe ambalo jiwe lake lina mwandiko wa mume.

Wanawe wawili wa kiume walikuwa wanaandaa ibada ya kumbukumbu ya baba na nyanya yao. Mkubwa, Owino, anafanya kazi Nairobi. Mdogo, Ouma, ni mwendesha pikipiki Mbita. Walikuwa wamenunua vigae vyeupe vya kufunika makaburi yote mawili. Mama akawaambia la baba yenu lifunikeni mtakavyo, la nyanya yenu mliache. Owino akasema jiwe lile ni jeusi tii, halisomeki, na wageni watafikiri familia imemsahau mtu wake. Walibishana kwenye simu mpaka wakakubaliana hivi: ikifika Ijumaa jioni na maandishi yanasomeka kutoka kwenye njia, jiwe litabaki. Yasiposomeka, fundi wa vigae aanze kazi Jumamosi alfajiri kabla wageni hawajaja.

Hapo ndipo Mama Pamela akanipigia simu. Alinieleza yote hayo, kisha akasema, "Nyamera, kule kwingine nilizika yago. Mkono wa mume wangu uko hapa."

Nyamera ni dada. Hatukuwa tumewahi kuonana.

Kabla sijawapeleka Takawiri, lazima mumjue aliyenifundisha, kwa sababu kila nililolifanya kule lilikuwa lake. Mzee Swaleh alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, kwao ni Pwani, mwenye duka la saruji na vifaa vya ujenzi Migori mjini. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kupima misumari. Nyuma ya duka alikuwa na uwanja ambamo alichonga mawe ya makaburi, misalaba ikiwemo. Watu walimtania kwamba Mwislamu anachonga misalaba. Aliwajibu kwamba msalaba una kona nne tu, ni kazi rahisi kuliko kuandika majina ya Wajaluo yalivyo marefu.

Sijaona mtu aliyeliheshimu jiwe kama yule mzee. Kabla ya kuligusa alilizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. Kisha alichovya kidole kwenye maji, akadondosha tone moja juu yake na kutazama. Tone likikaa juu kama shanga, jiwe limeshiba, gumu, kama ile granaiti iliyong'arishwa. Tone likizama mara moja, jiwe lina kiu. Mawe mengi ya huku yana kiu: saruji, mawe ya mchanga, hata mawe ya sabuni kutoka Kisii mnayochongea vinyago. Jiwe lenye kiu litakunywa chochote utakachomimina kwanza. Ukianza na sabuni, litakunywa sabuni, ikae ndani miaka, ivute vumbi, na jiwe lichafuke upya haraka kuliko mwanzo. Ukianza na maji safi, litashiba maji, na uchafu utabaki nje mahali unapoweza kuufikia.

"Nywesha jiwe kwanza, Risper," aliniambia. "Hata mgeni humpi kazi kabla hujampa maji."

Alinifundisha pia kwa vituko vya watu. Kulikuwa na kiongozi wa kwaya kule Rongo aliyesikia ndimu hutoa madoa. Akakata ndimu ndoo nzima, akasugua kaburi la terazo la baba yake. Vile vipande vya marumaru ndani ya terazo havipatani kabisa na kitu kichachu. Kaburi lililokuwa linang'aa likafifia likawa kama sahani iliyolambwa na mbwa. Alikuja dukani akiwa na huzuni, ananukia ndimu. Mwingine alikuwa na jiwe lenye picha ya marehemu iliyochomwa kwenye kigae cha kauri. Akaisugua kwa unga wa kuoshea sufuria. Alipomaliza, marehemu alibaki na tai shingoni bila uso. Mzee Swaleh alicheka mpaka akavua kofia, lakini baadaye alimtafutia yule mtu fundi wa kuchapa picha nyingine. Akanieleza kwamba picha ile hupanguswa kwa kitambaa laini chenye maji, basi, na ukiona imepasuka usiiguse hata kwa kitambaa.

Basi, Takawiri. Nilivuka kutoka Mbita na ndoo, brashi za nyuzi laini, vijiti vya mianzi nilivyochonga ncha butu, sifongo, glavu, na kipande cha godoro cha kupigia magoti. Kumbukeni hicho cha mwisho, nyinyi mnaojiona vijana. Mawe hayachoki, magoti huchoka.

Nilimkuta Mama Pamela amenisubiri mlangoni, mwanamke mrefu, mikono mipana kama makasia. Nilimkuta na Ouma pia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe na brashi ya waya, akisugua kona ya chini kwa nguvu zake zote. Herufi D iliyomalizia neno NIND ilikuwa imebaki kama kivuli.

"Mathe, nilikuwa tu nakuanzishia," aliniambia kwa furaha.

Nikamshukuru, nikaichukua ile brashi, nikaikalia. Ni njia nzuri ya kuficha kitu, ila inachoma. Kisha nikamwonyesha kidole changu kilichopita pale aliposugua: kilitoka na unga wa kijivu. Nikamwambia ule unga si uchafu, ule ni jiwe lenyewe. Saruji ya zamani ina ngozi nyembamba, na herufi za msumari zimo kwenye ngozi hiyo. Ukiichubua, umefuta. Waya nao huacha chembe za chuma ndani ya vitundu, mvua ikinyesha zinapata kutu, na jiwe linatokwa na michirizi ya kahawia kama linalia damu. Ouma akauliza kama hiyo ndiyo sababu kaburi la jirani lina madoa mekundu. Nikamwambia ndiyo. Akasema jirani aliwaambia ni laana.

Akapendekeza asidi ya betri. Nikakataa. Akapendekeza ile mashine ya kuoshea magari, rafiki yake anayo Mbita. Nikakataa, kwa sababu maji yenye nguvu hiyo yanachimba saruji kuukuu kama jembe. Akapendekeza dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nikamweleza kwamba hiyo hulipendezesha jiwe siku ya kwanza, kisha chumvi yake hubaki ndani, na kila jiwe likilowa na kukauka, chumvi inasukuma ngozi ya jiwe itoke magamba. Mwishowe akaniuliza nikiwa nimekataa kila kitu, nitatumia nini. Nikamtuma maji ya mvua.

Lakini hata maji yalingoja. Jambo la kwanza kabisa kwenye jiwe lililosimama ni kujua kama limesimama kweli. Simameni kando, si mbele yake, muweke viganja viwili na kulisukuma polepole, kama mnamwamsha mtoto. Likitikisika, acheni, waiteni fundi alisimamishe upya kwanza, na mzuie watoto wasilikaribie. Jiwe linaloonekana jepesi lina uzito wa kuvunja mguu. Chungulieni pia nyufa na chini ya kingo za sakafu ya kaburi, maana nyigu hupenda hapo, na nyoka hupenda zaidi. La Dorsila lilikuwa imara. Ojwang' alilizika mguu vizuri.

Kisha kuna jambo la kuuliza. Jiwe ni la watu. Nilimuuliza Mama Pamela ni nini juu ya kaburi hakitaki kiondolewe, kwa sababu kila familia ina kitu chake. Kwenye sakafu ya kaburi palikuwa na omena, wale dagaa wa ziwani, zimeanikwa, nyingi, zinameta. Nilidhani ataona aibu. Akaniambia mama mkwe wake aliuza omena maisha yake yote.

"Akikosa hiyo harufu atadhani tumehama," alisema.

Tukasogeza omena, lakini kwa siku za kazi tu. Mafuta yake yalikuwa yameingia kwenye sakafu na kuacha rangi ya chai, na rangi ile niliiacha. Si kila doa ni adui. Mzee Swaleh alikuwa na msemo wake kwamba tunaosha kaburi lionekane limetunzwa, hatuoshi lionekane limejengwa jana.

Tulinywesha jiwe. Ouma alimimina kwa bakuli polepole, mimi nikitazama maji yanavyopotea ndani. Tukamimina tena, likanywa tena, mpaka likashiba na kuanza kumeremeta. Tulifanya hivyo asubuhi jua halijapasha jiwe, kwa sababu jiwe lenye moto ukilimwagia maji baridi linaweza kupasuka, na maji yakikauka haraka uchafu hurudi kukaa pale pale. Kisha tukaanza kuosha kutoka chini kwenda juu. Hapa watu hunibishia. Wanasema nyumba huoshwa kutoka juu. Ukianza juu ya jiwe chafu lililo kavu huko chini, maji meusi yatashuka na kuchora michirizi ambayo jiwe litainywa. Ukianza chini, michirizi hukuta jiwe limeshalowa, na unaisuuza tu. Brashi inazunguka kwa wepesi, kama unavyomsugua mtoto mgongo.

Siku ile ilitoka kinyesi cha mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani, vumbi, na ule ukoga wa kijani. Weusi wenyewe haukutoka. Juu ya herufi palikuwa na yale magamba ya kijivu na meusi yanayokua kwenye mawe kama sarafu zilizobandikwa. Hayo ni viumbe hai, yana mizizi midogo ndani ya jiwe. Ukiyakwangua makavu, yanang'oka na jiwe. Ukiyalowesha na kuyaacha yamelowa muda mrefu, yanavimba, yanalainika kama ugali uliolala majini, na kijiti cha mianzi kinayainua bila ugomvi. Dawa yake ni subira. Tukafunika jiwe kwa magunia yaliyolowa, tukayalowesha kila yalipoanza kukauka.

Mama Pamela ndiye aliyenishangaza. Sikumwomba afanye chochote, lakini kila nilipotoka kwenda kula nilimkuta pale ananyunyizia magunia, anaongea na mama mkwe wake kwa Dholuo kuhusu bei ya samaki na mimba ya mbuzi. Alishika kijiti mara moja akanitazama, kisha akaanza kufuata mfereji wa herufi kana kwamba anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Nimefundisha watu wengi. Sikumfundisha yule mama. Hajui kusoma, lakini alijua kila mstari unaanzia wapi na unaishia wapi, kwa sababu alikuwepo mumewe alipouchora. Nilipotaka kuendelea na mfereji fulani alinigusa mkono akasema hapo hakupita, hapo ni ufa. Ilikuwa kweli.

Kufikia Ijumaa asubuhi DORSILA ilikuwa imetoka. ATIENO ilitoka na N yake imegeuka. NIND ikatoka na N mbili, zote zinatazama nyuma, na ile D dhaifu, kisha GI KWE. Ouma sasa alikuwa akichota maji bila kutumwa.

Owino alifika mchana na boti iliyobeba vigae na fundi wake. Ni kijana mpole, msiwaze vinginevyo. Alinisalimia kwa heshima, akanipa pole ya kazi, kisha akasimama kwenye njia kama walivyokubaliana. Jua lilikuwa utosini, na jua la utosini huficha maandishi ya kuchimbwa. Kutoka pale njiani jiwe lilionekana safi na tupu. Nikamwomba angoje jua lishuke, kwa sababu mwanga wa ubavuni hujaza mifereji kivuli, na ndipo msumari husomeka. Akakubali, akakaa kwenye katoni ya vigae.

Jua liliposhuka, maandishi yalisimama. Owino aliyasoma kwa sauti kutoka pale alipokaa, neno kwa neno, bila kukosa. Fundi wa vigae naye akayasoma. Nilidhani tumemaliza.

Kumbe sivyo. Owino alisogea karibu, akaweka kidole kwenye zile N, akasema kwa sauti ya chini kwamba maandishi yanasomeka, yeye hakatai. Ila kesho watakuja wakubwa zake wa kazi, watakuja aliosoma nao. Akauliza kama naweza kujaza zile N kwa saruji kidogo na kuzichora upya, zitazame mbele.

"Mama, watu watasema baba hakusoma."

Mama Pamela hakuinua kichwa kutoka kwenye jiwe. "Hakusoma," alisema. "Ndiyo maana wewe ulisoma."

Mimi, kwa kuwa niliulizwa mambo ya kazi, nilijibu ya kazi: kwamba saruji mpya ni ngumu kuliko ya zamani, ikijazwa kwenye mfereji itabanduka na ukingo wa herufi, na baada ya mvua chache zile N hazitatazama mbele wala nyuma, hazitakuwepo. Hata rangi ya mafuta na vanishi msipake, vijana, maana hufungia maji ndani nalo jiwe huoza likiwa limevaa vizuri. Owino alisikiliza yote, akiitikia kwa kichwa taratibu. Sijui kama ni saruji iliyomshawishi au ni mama yake. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaniuliza ni wapi pamebaki.

Palikuwa pamebaki ile kona ya chini, chini ya neno NIND, karibu na mahali Ouma alipokuwa amesugua kwa waya. Magamba ya pale yalikuwa mazito kuliko yote, nami nilikuwa nimeyaacha yalowe zaidi. Nikampa Owino kijiti, nikamwambia asikwangue, ainue tu. Aliinua gamba la kwanza, la pili. Mama yake alikuwa akisuuza nyuma yake kwa bakuli. Maji yalitelemka, mwanga wa ubavuni ukaingia, na sote wanne tuliona pale chini kuna mbonyeo, wa kina kifupi, usio wa msumari.

Ulikuwa mkono. Ojwang' alipomaliza kuandika aliinuka kwa kujisukuma, na kiganja chake kikazama kwenye saruji mbichi. Alijaribu kupasawazisha, michirizi ya mwiko inaonekana, lakini hakuufuta wote. Kiganja kipo, kidole gumba kipo, na vidole vitatu. Kidole kidogo hakipo, kimeliwa na brashi ya waya. Ouma alikiona kabla yetu. Aliweka ndoo chini akageuka kutazama ziwa, na kaka yake akamshika bega.

Mama Pamela alijifuta maji kwenye leso. Alinitazama kama anayeomba ruhusa, nami nikamwambia mkono mtupu hauwezi kuliumiza jiwe. Akaweka kiganja chake ndani ya kile kiganja, akakisogeza kidogo mpaka kikalala sawa. Vidole vyake vilipita vya mumewe pande zote.

"Mmeona," aliwaambia wanawe. "Wangu ni mkubwa. Miaka yote alinibishia."